Maswali ya Wasomaji: Mwenye Kura Nyingi Anaposhindwa

Barua za safari hii zinahusu vyama vya kihafidhina vya mikoa ya Kanada na jinsi vinavyopata viongozi wao. Maswali yanayofanana tumeyaunganisha.

Nimesoma kwamba mwaka 2018 Doug Ford alichaguliwa kuongoza chama cha Progressive Conservative (PC) cha mkoa wa Ontario, na kwamba mpinzani wake, Christine Elliott, alikuwa na kura nyingi kumzidi. Huku kwetu tungesema kura zimeibwa. Ilikuwaje? (Msomaji, Mwanza)

Hazikuibwa. Matokeo ya raundi ya mwisho, yaliyotangazwa usiku wa Machi 10, 2018, yalimpa Elliott kura 32,202 na Ford kura 30,041. Lakini chama hicho hakimtangazi mwenye kura nyingi, kinamtangaza mwenye pointi nyingi. Kwa pointi Ford alikuwa na 6,202.73 na Elliott 6,049.45. Tofauti ni pointi 153 na ushei.

Wakati ule Ontario ilikuwa imegawanywa katika majimbo 124 ya uchaguzi. Kila jimbo lilibeba pointi 100, ziwe zimepigwa humo kura 200 au 2,000, na wagombea waligawana pointi hizo kwa asilimia ya kura zao za jimboni. Chukua majimbo mawili ya mfano tu. La kwanza wamepiga kura wanachama 1,000: Asha amepata 600, Baraka 400, basi Asha ana pointi 60 na Baraka 40. La pili wamepiga kura 120 tu: Baraka 84, Asha 36, yaani pointi 70 kwa 30. Jumlisha. Asha ana kura 636, Baraka 484. Kwa pointi, Asha ana 90 na Baraka ana 110. Baraka ndiye kiongozi, na hakuna aliyegusa sanduku la mtu.

Kuna kipengele kidogo ambacho wengi hukiruka. Jimbo likiwa na kura chini ya 100, kila kura huwa pointi moja, basi. Jimbo la kura 70 linatoa pointi 70, halipandishwi hadi 100. Kipengele hiki kipo ili watu watano katika jimbo lililolala wasiwe na nguvu sawa na watu mia tano wa jimbo jingine. Ukijumlisha pointi za Ford na Elliott unapata 12,252.18, si 12,400 ambazo majimbo 124 yangetoa yote yakijaa. Pengo hilo limetoka kwenye majimbo ambayo hayakufikisha kura 100.

Wala kuhesabu majimbo hakumsaidii Elliott. Aliongoza katika 64 na Ford katika 60, lakini kushinda jimbo kwa asilimia 51 kunakupa pointi 51 na mwenzako 49. Anayeshinda majimbo machache kwa kishindo na kushindwa mengi kwa unywele hubaki mbele.

Na halikuwa tukio la mara moja. Aprili 2025 chama cha PC cha Manitoba kilitumia pointi pia. Wally Daudrich alimzidi Obby Khan kwa kura chache, lakini Khan ndiye aliyechukua uongozi.

Wanaoutetea utaratibu huu wanasema uchaguzi wa bunge hushindwa jimbo kwa jimbo, kwa hiyo kiongozi anayependwa mtaa mmoja tu wa Toronto atawazamisha kaskazini. Hoja hiyo ina uzito. Upungufu wake ni kwamba mwanachama wa jimbo lenye wanachama wengi, ambalo kwa kawaida ndilo lililofanya kazi kubwa ya kuuza kadi, kura yake inapungua thamani kwa sababu ya bidii ya jimbo lake mwenyewe.

Kwenye karatasi yao unaandika 1, 2, 3, 4. Mimi namtaka mgombea mmoja tu. Nikiandika 2 si nitakuwa nampa nguvu mpinzani wake? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Hofu hiyo imewapotezea kura watu wengi. Chaguo lako la pili haliguswi kabisa maadamu chaguo lako la kwanza bado yumo kwenye kinyang'anyiro. Linasomwa siku mgombea wako akishatolewa, wakati ambapo huwezi tena kumdhuru.

Hesabu inakwenda hivi. Raundi ya kwanza zinahesabiwa namba 1 zote. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu ya pointi, imekwisha. Asipopatikana, wa mwisho anatolewa, karatasi zake zinafunguliwa upya na kila moja inakwenda kwa namba inayofuata ya mtu aliyebaki. Pointi za kila jimbo zinapigwa upya kutoka mwanzo. Mchezo unaendelea hivyo hadi mmoja avuke nusu.

Ontario 2018 walikuwa wanne: Elliott, Ford, Caroline Mulroney (binti wa Brian Mulroney, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Kanada) na Tanya Granic Allen, ambaye kampeni yake ilisimama juu ya kupinga mtaala wa elimu ya jinsia mashuleni. Raundi ya kwanza Elliott aliongoza kwa karibu pointi 4,188, Ford 4,091. Aliyetolewa kwanza ni Granic Allen, na sehemu kubwa ya watu wake walikuwa wamemwandika Ford namba 2. Hapo ndipo uongozi ulipopatikana. Ford hakuwa amewashambulia watu wa Granic Allen wakati wa kampeni. Aliahidi kuutazama upya mtaala uleule. Mgombea mwenye akili huomba mambo mawili kila mlango: "Nipe namba 1. Kama umeshampa mwingine, nipe namba 2."

Karatasi isiyo na namba nyingine hufa mgombea wake anapotoka. Ontario zilipigwa kura 64,053. Raundi ya mwisho zilikuwa zimebaki hai 62,243. Kura 1,810 zilikuwa zimekwisha safari, katika shindano lililoamuliwa kwa pointi 153. Kwa hiyo andika namba hadi kwa mtu wa mwisho unayeweza kumvumilia, kisha simama hapo.

Naishi Hamilton, Ontario, nina ukaazi wa kudumu lakini si raia. Rafiki anasema naweza kupiga kura ya kumchagua kiongozi wa chama. Anatania? (Msomaji, Hamilton)

Hatanii. Kura ya bunge ni ya raia wenye miaka 18, lakini kura ya ndani ya chama hufuata katiba ya chama. Vyama vya kihafidhina vya Kanada kwa kawaida huwapokea wakaazi wa kudumu na huanzia umri wa miaka 14. Ada ni ndogo; PC ya Ontario mwaka 2018 ilikuwa dola 10. Soma masharti ya shindano husika, maana kamati ya uchaguzi ya chama huyatoa upya kila mara.

Ugumu hauko kwenye ada. Mwaka 2018 Patrick Brown, kiongozi wa PC ya Ontario kabla ya Ford, alijiuzulu Januari 25, na siku ya mwisho ya kununua uanachama ikawa Februari 16. Wiki tatu. Baada ya tarehe hiyo hakuna mdahalo, tangazo wala hotuba inayoweza kuongeza mpigakura hata mmoja. Kilichobaki ni kuwafikisha waliokwisha kuandikishwa. Ukisubiri kuwasikiliza wagombea kwanza ndipo ujiunge, umechelewa.

Kisha kulikuwa na ngazi tatu. Mwanachama alitumiwa kwa posta barua yenye namba ya siri. Aliingiza namba hiyo kwenye tovuti na kupakia picha ya kitambulisho chenye anwani yake. Akishakubaliwa, alipata idhini ya kupiga kura mtandaoni. Kila ngazi ilidondosha watu. Barua zilichelewa au hazikufika. Picha za vitambulisho zilikataliwa kwa ukungu au kwa sababu anwani ilikuwa ya nyumba ya zamani. Wazee wasio na barua pepe walikwama kabisa. Chama kiliongeza muda, na bado kati ya wanachama karibu 190,000, waliofika mwisho wa uhakiki ni 71,402.

Kwa hiyo, kama unajiunga leo, lipa kwa kadi yako mwenyewe. Kulipiwa na mtu wa kampeni ni kosa la kawaida linalofuta uanachama, hata kama aliyekulipia ni shemeji yako mwenye nia njema. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Jina la ukoo likitangulia upande mmoja na kufuatia upande mwingine, mfumo unaona watu wawili. Umehama? Badilisha anwani ya leseni ya udereva kabla ya kujiunga, si baada. Na iangalie sana namba ya posta, kwa kuwa ndiyo inayoamua umepangwa jimbo gani. Usiku wa matokeo ya 2018 ukumbi wa kutangazia matokeo, mjini Markham, ulisubiri kwa saa nyingi, watu wakaambiwa waondoke, huku mabishano yakiendelea juu ya wanachama wapatao 1,300 waliodaiwa kupangwa kwenye majimbo yasiyo yao. Kwa hesabu ya pointi hilo si jambo dogo: kura moja katika jimbo la wapigakura 120 ina thamani ya pointi 0.83, katika jimbo la 1,000 ni 0.1. Kumhamisha mtu jimbo ni kuibadilisha kura yake mara nane.

Kwetu mwenyekiti huchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu. Kwa nini wenzetu wameacha wajumbe? (Msomaji, Dodoma)

Walikuwa nao. Januari 1985 PC ya Ontario ilichagua kwa wajumbe ukumbini, wagombea wakiwa Frank Miller, Larry Grossman, Dennis Timbrell na Roy McMurtry. Raundi ya pili Grossman alipata 514 na Timbrell 508. Timbrell akatoka kwa kura sita. Raundi ya tatu Miller alimshinda Grossman 869 kwa 792, akawa Waziri Mkuu wa mkoa, na kufikia Juni serikali yake ilikuwa imeanguka bungeni. Chama kilichotawala Ontario tangu 1943 kikaenda upinzani.

Wajumbe wasiofika elfu mbili wanafikika kwa simu, kwa chakula cha jioni na kwa ahadi. Mwaka 1990 chama hicho kiliingia mtindo wa kila mwanachama kupiga kura, na Mike Harris akapatikana kwa njia hiyo. Rushwa ya wajumbe ilipungua, ila biashara ya kadi ikashamiri. Aliyeandikisha wengi kabla ya siku ya mwisho ndiye anayeanza mbele, na idadi zinazotajwa hadharani zahitaji kutiliwa shaka. Brown alikuwa akisema chama kina wanachama zaidi ya 200,000. Kaimu wake, Vic Fedeli, alipozikagua daftari Februari 2018 alisema ni kama 133,000, kabla ya kadi mpya za shindano kuhesabiwa.

Anayeshinda uongozi wa chama ndiye huwa Waziri Mkuu wa mkoa papo hapo? (Msomaji, Bujumbura)

Ikiwa chama kinatawala, ndiyo, baada ya siku chache. Alberta mwaka 2022 Danielle Smith alishinda uongozi wa United Conservative Oktoba 6, raundi ya sita, kwa asilimia 53.77, na kuapishwa Oktoba 11 bila kuwa mbunge. Aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Brooks-Medicine Hat Novemba 8. (Alberta hawatumii pointi, kura ni kura.) Chama kikiwa upinzani, kiongozi husubiri uchaguzi mkuu. Ford alisubiri hadi Juni 7, 2018, chama chake kilipopata viti 76 kati ya 124.

Mgombea akiona hesabu haziingii, anashitaki wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kwanza kwenye kamati ya uchaguzi ya chama, ambayo ndiyo inayoendesha kura. Elections Ontario, tume ya uchaguzi ya mkoa, husimamia fedha za wagombea, kwa mfano marufuku ya michango ya makampuni na vyama vya wafanyakazi iliyoanza Januari 1, 2017, lakini haihesabu kura hizi. Mahakama ipo, ila milango yake ni mizito. Machi 9, 2018 mwanachama aliomba kura ya Ontario iongezewe wiki moja, akakataliwa siku hiyohiyo.

Manitoba ni somo zaidi. Oktoba 30, 2021 Heather Stefanson alimshinda Shelly Glover kwa kura 8,405 dhidi ya 8,042. Glover alidai kuwa takwimu alizokuwa amepewa awali zilionyesha kura 16,045, kisha jumla iliyotangazwa ikawa 16,546. Ziada ni kura 501, na pengo lake na mshindi lilikuwa 363. Alikwenda mahakamani, na Desemba jaji alitupa ombi lake kwa kukosa ushahidi wa kutosha kwamba uchaguzi uliharibika.

Takwimu zinazotumwa kwa barua pepe kampeni ikiendelea ni za kazi, hazina mhuri wa mtu. Wakala makini huhesabu bahasha kwa macho kila zinapofunguliwa, huandika idadi, saa, na idadi ya zilizokataliwa pamoja na sababu, kisha humtaka msimamizi atie sahihi karatasi ileile kabla masanduku hayajafungwa. Akikataa kutia sahihi, pingamizi huandikwa papo hapo, kabla jina la mshindi halijasomwa.