Besi inakoroma kwenye spika za zamani: usinunue mpya kabla hujafanya haya

Mkuu, umesema spika zako ni za miaka ya themanini, wufa (spika kubwa za besi) za inchi 10, besi ikipanda kidogo zinakoroma, twita (spika ndogo za sauti za juu) zimefifia, na fundi kakushauri utupe ununue mpya. Subiri kwanza. Hayo ni matatizo mawili tofauti yaliyokukuta pamoja kwa sababu ya umri tu: ukingo wa sponji umeoza, na kapasita zinazochuja sauti ya kwenda twita zimechoka. Sumaku, fremu, koni (ile karatasi au plastiki inayotikisika mbele) na kasha kwa kawaida bado vizima, na hivyo ndivyo vitu vya gharama. Spika mpya ya bei ndogo haikupi sumaku ya ukubwa ule wala kasha zito namna ile.

Anza kwa kuvua kitambaa cha mbele, uguse ule ukingo unaounganisha koni na fremu. Kidole kikitoka na unga mweusi unaonata, sponji imekwisha. Sponji hiyo ni ya poliyurethani, na unyevu wa hewa huivunja hata kama spika imekaa stoo bila kupigwa. Joto na unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa huharakisha kazi hiyo. Kama ukingo ni wa mpira laini au kitambaa kilichokunjwa mikunjo, usiuguse. Hizo hudumu miongo. Mpira ufute kwa kitambaa chenye maji tu, usipake mafuta wala dawa ya kung'arisha matairi.

Kisha pima koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni unaosogea ndani ya pengo la sumaku. Chomoa waya za wufa, weka multimita kwenye omu. Spika ya omu 8 inasoma kati ya 5.5 na 7, ya omu 4 inasoma kama 3 hadi 3.6. Isiposoma kitu, koili imekatika au waya laini unaotoka kwenye koni kwenda kwenye terminali umekatika. Huo wa pili ni kazi ya dakika kumi za kuchomelea, kwa hiyo kagua kabla ya kukata tamaa. Halafu sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande mbili zinazotazamana, kwa nguvu sawa. Ikikwaruza, usihukumu haraka: ukingo ukishaoza koni hukaa upande, koili ikagusa chuma. Ukiisogeza kidogo pembeni mkwaruzo ukaisha, koili ni nzima. Ikikwaruza kila upande, koili imeungua na kuvimba, na hapo unahitaji fundi wa kusuka koili.

Kuagiza ukingo mpya ndiko watu wengi wanakoharibu. "Inchi 10" haitoshi kabisa, maana wufa mbili za inchi 10 zinaweza kupishana milimita 8 kwenye koni. Pima vipimo vinne kwa milimita: kipenyo cha nje pale sponji inapokaa kwenye fremu, kipenyo cha nje cha tuta (ile sehemu ya sponji iliyovimba), kipenyo cha ndani cha tuta, na kipenyo cha koni yenyewe. Angalia pia kama mdomo wa ndani ulikuwa bapa au umeinama kufuata koni, na kama ulibandikwa juu ya koni au chini yake. Rudisha ulivyokuta.

Utakutana na wauzaji wanaokushawishi uchukue ukingo wa mpira kwa sababu hauozi tena. Kwenye spika iliyobuniwa kwa sponji, mimi nasema usichukue. Mpira ni mzito na mgumu zaidi. Koni inakuwa nzito, besi inabadilika. Athari ni kubwa zaidi kwenye makasha yaliyofungwa kabisa, yasiyo na tundu, mtindo ulioanzishwa na Acoustic Research ya Marekani mwaka 1954. Humo hewa iliyofungiwa ndiyo springi inayorudisha koni, na ukingo unatakiwa uwe laini mno. Weka sponji.

Kuondoa ile ya zamani: bandua kwanza vipande vya kadibodi vilivyozunguka fremu, uvitunze. Gundi kuukuu ilainishe kwa spiriti ya asilimia 90 na kuendelea, kwa brashi ndogo, kidogokidogo, kisha kwangua kwa kijiti cha mbao au kadi ngumu. Kisu kinatoboa karatasi. Asetoni ni nzuri kwenye fremu ya chuma lakini inaweza kuharibu koni ya plastiki. Kazi hii ni ya kuchosha na usiifupishe, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya unga wa sponji.

Kwa koni ya karatasi tumia gundi nyeupe ya maji inayokauka ikabaki laini. Uzuri wake inakupa dakika kadhaa za kurekebisha. Koni ya plastiki inataka gundi yake maalumu, nyeupe haitashika. Supaglu inakauka ngumu na ukingo utapasuka hapohapo. Silikoni yenye harufu ya siki nayo acha. Ile asidi inakula shaba ya waya.

Sasa kuweka koili katikati, ambako kazi yote inafaulu au kufeli. Pengo kati ya koili na chuma ni sehemu ndogo ya milimita. Njia ya uhakika ni kukata ile kofia ya katikati kwa wembe mkali, ukiacha kipande kidogo kama bawaba, kisha kupenyeza vipande vinne vya filamu ya picha kati ya koili na nguzo ya sumaku, kwa nafasi sawa kama saa 12, 3, 6 na 9. Viingie kwa kubana kidogo tu, bila kulazimisha. Bandika mdomo wa ndani kwenye koni, acha ukauke mpaka kesho yake, kisha bandika mdomo wa nje kwenye fremu, bana kwa vibanio vya nguo kuzunguka pote, acha saa 24 nyingine. Toa filamu, rudisha kofia kwa tone dogo la gundi.

Kama hutaki kukata kofia, bandika mdomo wa ndani kwanza ukauke. Siku ya kubandika wa nje, unganisha wufa na amplifaya ikiwa nje ya kasha, piga toni ya herzi 30 kutoka kwenye simu, sauti ndogo, koni isogee milimita 2 hivi. Gundi ikiwa bado mbichi, isukume koni kidogo huku na kule mpaka mkwaruzo upotee, halafu bana. Njia hii ni nzuri kwa mwenye sikio tulivu na nyumba isiyo na kelele.

Wakati wa kurudisha wufa kwenye kasha, izungushe nusu mzunguko. Miaka yote hiyo uzito wa koni umeivuta spaida (kitambaa chenye mikunjo kinachoshika koili nyuma ya koni) kuelekea chini. Ukiigeuza, uzito huohuo unaanza kuirudisha. Kabla ya kufunga, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye terminali: chanya kwa chanya, koni itoke nje. Spika nyingi za JBL za zamani zimefungwa kinyume, koni inaingia ndani, na hilo si kosa, ilimradi zote mbili zifanane.

Twita zilizofifia: fungua krosova (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) nyuma ya kasha. Kapasita zilizomo ni za elektroliti zisizo na upande (hazina chanya wala hasi), zinakauka na thamani yake kuhama. Hesabu inaonyesha kwa nini inasikika. Kapasita ya maikrofaradi 6.8 kwa twita ya omu 8 inakata karibu na herzi 2,900. Ikishuka hadi 4, mkato unapanda karibu herzi 5,000, na sauti za waimbaji zinapotea katikati. Ikipanda hadi 9, unashuka kwenye 2,200 na twita inapokea mizigo isiyoiweza.

Weka za filamu ya polipropili, maikrofaradi zilezile, volti 100 au zaidi, spika zote mbili kwa pamoja. Kubwa za 33 kwenda juu zinazohusu wufa weka elektroliti mpya isiyo na upande. Filamu ya ukubwa huo ni ghali na tofauti husikii. Kapasita ya kawaida yenye alama ya hasi usiiweke kamwe. Baada ya kubadilisha, twita ikisikika kali kuliko zamani, ni kwa sababu kapasita kuukuu ilikuwa na ukinzani wake wa ndani. Ongeza rezista ya omu 0.5 kwa mfuatano, wati 5, itatulia. Koili za krosova acha zilivyo.

Kama twita bado imezimika baada ya hapo, huenda ni ya aina yenye mafuta ya sumaku ndani ya pengo, yamekauka yakawa gundi. Zile zinazofunguka unaweza kuzisafisha kwa karatasi nyembamba yenye spiriti na kuweka mafuta mapya. Ila Yamaha NS-1000M usizifungue: kuba zake ni za berili, na vumbi lake ni sumu kwenye mapafu.

Kasha lililofungwa lijaribu kwa kusukuma wufa ndani: inapaswa kurudi taratibu. Ikirudi haraka kuna uvujaji, mara nyingi chini ya fremu au kwenye terminali. Sufi ya kioo iliyomo ndani ishike kwa glavu na barakoa, uirudishe yote.

Mwisho pima amplifaya kabla ya kuunganisha chochote. Weka multimita kwenye volti DC, kwenye terminali za spika, bila muziki. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, usiunganishe. Hitilafu hiyo ikizidi inaweza kuchoma koili uliyohangaika nayo wiki nzima.