Kabla Hujaingiza Jina Lako Kwenye Orodha ya Uhamisho: Kwa Wanaoanza Kucheza Vyuoni Marekani

Kazi yangu ni kuwashauri wanamichezo kuhusu masomo katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, na siku hizi mazungumzo ya ofisini kwangu ni ya fedha kuliko vitabu. Sishangai. Kabla ya Julai 2021, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyejaza uwanja wa maelfu ya watu hakuruhusiwa kupokea hata malipo ya kutia saini jezi. Tangu wakati huo anaweza kulipwa na wafanyabiashara wanaotumia jina na sura yake, na kuanzia Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo walikishtaki chama cha michezo ya vyuo, iliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken, chuo chenyewe kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Kwa maoni yangu, hiyo ni haki iliyochelewa sana.

Ninalotaka kuwaeleza, wadogo zangu, ni uhamisho wa kutoka chuo kimoja kwenda kingine, kwa kuwa ndiko fedha hizo zinakowavuta wengi. Zamani aliyehama alilazimika kukaa benchi mwaka mzima. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2021, na tangu Aprili 2024 mchezaji anaweza kuhama kila mwaka akipenda, ilimradi masomo yake yasiwe na dosari. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yasiyosikika.

Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinamtaka mchezaji awe amemaliza asilimia 40 ya masomo ya shahada yake anapoingia mwaka wa tatu, na asilimia 60 anapoingia mwaka wa nne. Aliyehama hupimwa kwa shahada atakayosomea huko aendako. Beki mmoja alinijia na simu mkononi, akinionyesha ofa ambayo ingemwezesha kuwalipia wazazi wake kodi ya nyumba kwa miaka kadhaa. Kufikia mwisho wa mwaka wake wa tatu angekuwa na krediti, yaani alama za masomo aliyokamilisha, 74 kati ya 120 za shahada, kwa hiyo hakuona tatizo. Tulikaa na orodha ya masomo yake, tukapitia mstari kwa mstari kile ambacho chuo kipya kingekubali, nami nikawa nafuta kwa kalamu ya risasi: takwimu, uhasibu, masomo mawili ya afya ya jamii. Zilibaki krediti 51, naye alihitaji 72. Aliniuliza kama waliompigia simu walilijua jambo hilo. Aliyempigia alikuwa kocha, na kocha hahesabu krediti.

Kwa hiyo ombeni tathmini ya krediti kwa maandishi mapema, maana dirisha la uhamisho wa futiboli sasa ni siku 15 tu za Januari, na ukishaingiza jina kwenye orodha ya uhamisho, chuo chako kina ruhusa ya kusitisha ufadhili wako muhula unapoisha. Kuna waliobaki katikati, bila timu ya zamani wala mpya.

Ahadi ya fedha nayo iwe kwenye karatasi. Septemba 2024 Matthew Sluka, mrusha mpira wa UNLV (Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas), aliacha kuchezea timu iliyokuwa imeshinda mechi zake zote tatu. Wakala wake alidai kwamba kocha msaidizi alimwahidi dola 100,000 kwa mdomo, ilhali chuo kilisema kimetimiza makubaliano yote. Fedha zikija, kwa kawaida huja bila kukatwa kodi, na mamlaka ya mapato itakudai kodi ya aliyejiajiri ya asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato yenyewe.

Mwenye visa ya F-1, ile ya mwanafunzi wa kigeni, ana mzigo wa ziada, kwa sababu visa hiyo inabana sana kazi za kulipwa ndani ya Marekani. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehama kutoka West Virginia kwenda kucheza mpira wa kikapu Kentucky, alifanya mikataba ya matangazo Agosti 2022 timu yake ilipokuwa ziarani Bahamas, nje ya ardhi ya Marekani. Ukiwa na visa hiyo, pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kutia saini chochote, na ukihama hakikisha chuo kipya kimekutolea fomu mpya ya I-20, hati ya chuo ambayo visa hiyo inategemea.