Waifai ya nyumbani: jinsi ya kujua imefungwa kwa ulinzi wa aina gani

Dada wa Kondele, nimekuelewa: ruta uliachiwa na mpangaji aliyehama, bando inaisha mapema, na hujui kama imefungwa kwa WEP au WPA2, yaani aina ya ulinzi wa waifai ya zamani au iliyo imara zaidi.

Anza na simu. Kwa Android nyingi, fungua mipangilio, ingia waifai, gusa jina la mtandao uliounganishwa nao, kisha usome sehemu ya usalama. Kwa kompyuta ya Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) uandike netsh wlan show interfaces. Mstari wa Authentication utakutajia aina. Wa Cipher ukisema CCMP, hiyo ndiyo AES, njia ya kuficha data inayopita hewani, na ni nzuri.

Ukikuta WEP, usilale nayo. Udhaifu wake umejulikana tangu 2001, na mwenye laptop anaifungua kwa dakika chache. Chagua WPA2 yenye AES, au WPA3, iliyo mpya zaidi, kama vifaa vyako vyote vinaikubali. Simu za zamani huikataa.

Lakini hata WPA2 haikusaidii ikiwa ploti nzima inajua nenosiri la yule aliyehama. Ingia kwenye ruta kupitia anwani iliyobandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1, ubadilishe nenosiri la waifai pamoja na lile la kuingilia ruta yenyewe. Hilo la pili wengi hulisahau. Zima WPS pia, ile njia ya kuunganisha vifaa kwa kitufe au PIN bila kuandika nenosiri.

Tafadhali usibonyeze kitufe cha reset kabla ya kuwapigia wanaokuuzia intaneti. Kinaweza kufuta mipangilio ya laini, ukabaki bila mtandao hadi fundi aje.