Mngazija, Mganda, Mkongo: niliyojifunza kwenye daftari la wageni

Ndugu, umeuliza mtu wa Niger anaitwaje, wa Komoro anaitwaje, wa Uswisi naye je, na kama kuna orodha ya kukariri, maana umeanza kazi ya mapokezi na daftari la wageni lina safu ya uraia na safu ya kabila. Nilikaa mapokezi miaka kumi na moja kwenye gesti moja ya Kariakoo, kwa hiyo nakujibu kwa yale yaliyonikuta.

Kanuni yenyewe unaijua tangu utotoni. M- kwa mmoja, wa- kwa wengi: Mkenya, Wakenya. Jina likianza na irabu, m- inageuka mw-: Mwingereza, Mwarabu, Mwethiopia. Nchi ikiwa na u- mbele, mara nyingi ile u- inaondoka: Uswisi Mswisi, Ufaransa Mfaransa, Ureno Mreno. Nchi ikianza na m, usiimeze, ziandike zote mbili: Mmisri, Mmalawi, Mmarekani. Kwa Msumbiji ulimi unagoma kidogo, Mmsumbiji, nami nilizoea kuandika tu "wa Msumbiji" na hakuna aliyelalamika. Halafu angalia mwandiko wako kwenye Mswisi na Mswidi. Askari waliokuja kukagua daftari usiku mmoja walimwamsha kijana wa watu kutoka Zurich wakimtafuta mtu wa Stockholm, kisa s yangu ilifanana na d. Nilimwomba radhi asubuhi, lakini usingizi wake ulishapotea.

Hayo ni ya kalamu. Kazi ngumu ni kujua mtu mwenyewe anajiitaje, na hapo orodha haikusaidii.

Chukua Komoro uliyoiuliza. Kariakoo tulipokea sana watu wa huko, wengine wafanyabiashara wa nguo na vyombo, wengine wameleta wagonjwa wao hospitali za Dar. Sisi wote tuliwaita Wangazija, kama mama zetu walivyowaita. Mwaka wangu wa kwanza alikuja bibi mmoja mtu mzima, na mjukuu wake ameshika kiuno kwa maumivu. Nikaandika jina, nikafika kwenye kabila, nikajaza "Mngazija" bila hata kumuuliza. Alikuwa ananitazama mkono. Akasema taratibu, "Mwanangu, mimi si Mngazija. Mimi wa Nzwani." Nikasema, "Shikamoo bibi, samahani, si ni kulekule?" Akaomba kalamu. Akakata neno langu kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika kwa herufi kubwa: NZWANI. Kisha akaitikia shikamoo yangu.

Usiku ule mjukuu alipopata nafuu ndiye aliyenieleza. Visiwa ni vinne. Ngazija, chenye mji wa Moroni, ndicho kikubwa, na kwa kuwa ndicho tulichokijua sisi huku, jina lake tukalivika visiwa vyote. Nzwani, ambacho Wafaransa wanakiita Anjouan, kina watu wake na lahaja yake. Mwali ni kidogo kuliko vyote. Maore, ambacho kwenye ramani utakikuta Mayotte, kilibaki na Ufaransa visiwa vingine vilipojitangazia uhuru mwaka 1975, kwa hiyo mtu wa Maore atakutolea pasipoti ya Ufaransa huku anakusalimia kwa maneno unayoyasikia nusu. Jina la jumla lisilomkosea mtu ni Mkomoro. Mngazija mpe wa Ngazija.

Lile neno lililokatwa kwa kalamu nililiona kila nilipofungua ukurasa ule, na lilinifanya nianze kusikiliza. Nikagundua kosa hilohilo tunalifanya nyumbani. Dar mwenye duka akiwa na lafudhi ya visiwani, basi ni Mpemba, na duka ni la Mpemba, hata kama mwenyewe amezaliwa Makunduchi na Pemba hajawahi kukanyaga. Jirani yetu mtaani alikuwa Mtumbatu. Miaka yote aliitwa Mpemba, anaitika, kwa sababu alikuwa na mchele wa kuuza. Siku nilipomuuliza kwao ni wapi hasa, alisimama akanieleza kisiwa chake mpaka wateja wakaanza kunung'unika.

Waganda nao. Jina la Uganda ni sisi watu wa pwani tuliolipeleka mbele: misafara ilipofika Buganda, ufalme wa Kabaka, wasafiri wakaiita kwa u- ya Kiswahili, Uganda, na Waingereza wakalichukua hivyohivyo wakaliweka juu ya nchi nzima. Sasa kwa Kiswahili raia yeyote wa Uganda ni Mganda, na kamusi ziko sawa. Lakini Mwacholi wa Gulu au Mlugbara wa Arua akisikia hivyo, anasikia Muganda, yaani mtu wa Kabaka, na yeye siye. Dereva mmoja wa lori alinikatalia kabisa kusaini. Tangu hapo, kwenye uraia niliandika "Uganda", jina la nchi, nikatulia.

Kwa Kongo ni vivyo hivyo. Dada mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akija kununua vitenge nilimwandika Mkongo. Akacheka, akasema, "Mimi si Mukongo, mimi ni Mushi. Kwa inchi andika Mukongomani." Wakongo kwao ni kabila, wako magharibi karibu na Atlantiki, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Bukavu. Kwa hiyo Mkongomani kwa raia ndilo salama, na kwa kuwa Kongo ni mbili, ongeza Kinshasa au Brazzaville.

Kuna majina ya zamani utayasikia kwa wazee. Bibi yangu Tanga alisema "wakati wa Mdachi" akimaanisha Mjerumani. Ukimwandika leo Mdachi, vijana watadhani umekusudia Mholanzi. Wanyika ni jina ambalo watu wa miji ya pwani waliwapa jirani zao wa Kenya, na lina dharau ndani yake, watu wa porini. Wenyewe ni Mijikenda, miji tisa, kwani kenda ndiyo tisa. Lile la kwanza lifute kabisa mdomoni.

Na Mmanga, hili liendee polepole. Manga kwa wazee ni Uarabuni, ndiyo maana tuna pilipili manga. Unguja na Pemba Mmanga alikuwa Mwarabu aliyekuja karibuni kutoka Oman, tofauti na waliokaa vizazi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa asili ya Oman waliondoka, na kule Oman wanaitwa Wazanzibari mpaka leo. Nilimpokea mzee mmoja kutoka Muscat, pasipoti ya Oman, Kiswahili chake cha Pemba kimenyooka kuliko changu. Uraia ulijazika. Kwenye kabila nikauliza, "Mzee, niandike nini?" Aliwaza kidogo. "Nilipozaliwa waliniita Mmanga. Ninapoishi wananiita Mzanzibari. Hapo acha wazi, binti yangu." Nikaacha wazi. Meneja alinifokea kwa safu tupu, nami sikujaza.

Kwa hiyo orodha sina. Nina swali, na ndilo nakupa: "Nyumbani ni wapi?" Usiulize "Wewe kabila gani?" kama askari, na usimkisie mtu kwa sura. Wageni wa Korea na Japani walichoka kuitwa Wachina mlangoni kwetu, na mama mmoja mweusi wa Atlanta alilia vijana walipomwita mzungu, kwa jinsi alivyosafiri mbali kuja Afrika. Mtu akitaja kwao, rudia kama alivyotamka, kisha andika.

Wa Niger sasa. Mniger linaandikika, lakini ukilitamka upesi msikilizaji anasikia Mnigeria, na hao ni majirani wenye nchi mbili. Andika "raia wa Niger", na pembeni weka mji. Akisema Niamey au Zinder, uko sawa. Akisema Kano, mji wa Nigeria, mrudishie pasipoti umwombe akufungulie ukurasa wa picha.