Dalali wa hisa akikusumbua kwa maswali, usimkimbie

Hela za tumbaku zikishaingia kwenye akaunti za watu wa Urambo, Kaliua na Sikonge, simu yangu haipumziki. Watu wanajua niliwahi kufanya kazi Dar kwenye ofisi ya dalali wa hisa, upande wa mafaili ya wateja, kwa hiyo swali ni lilelile: kuna mtu kaja hapa Tabora, anasema atatununulia hisa, tumpe?

Faida anayoahidi iweke pembeni kwanza. Muulize leseni, na si leseni yoyote tu.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Mzee mmoja wa Isevya aliniletea nakala za karatasi alizoachiwa na mtu wa namna hiyo: cheti cha usajili wa biashara kutoka BRELA, cheti cha namba ya mlipakodi, TIN, na leseni ya biashara ya manispaa. Mihuri yote ipo. "Sasa mwanangu, huyu si amesajiliwa?" Amesajiliwa, baba, lakini hata mwenye duka la vipodozi pale sokoni anazo zote tatu. BRELA inakuambia kampuni ipo, TIN inakuambia TRA wanaijua. Ruhusa ya kupokea pesa yako na kukununulia hisa inatoka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, chini ya sheria ya mwaka 1994. Na CMSA haitoi leseni ya jumla. Dalali ana yake, mshauri wa uwekezaji ana yake, meneja wa mfuko wa uwekezaji ana yake. Aliyepewa leseni ya kushauri akikuomba umtumie hela akakununulie hisa, ametoka nje ya kazi yake.

Majina ya wenye leseni yako kwenye tovuti ya CMSA, na Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE, nalo linaorodhesha madalali wake. Lisome jina herufi kwa herufi, maana matapeli wanapenda jina linalokaribiana na la kampuni kubwa. Kisha piga namba iliyo kwenye orodha, usipige ile aliyokupa yeye, uulize kama mtu huyo ni wao.

Wapo pia waliompata dalali halali kabisa, halafu wakakasirika. Anataka kitambulisho cha NIDA, akaunti ya benki, kazi unayofanya, na lile swali linalowaudhi wengi: hela umeitoa wapi? "Kwani yeye polisi?" aliniuliza mwalimu mmoja. Hapana, dada, ila Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inamtaka amjue mteja wake, na wakaguzi wakija wanafungua faili lako. Nimeyapanga mafaili hayo. Lenye pengo ni kesi ya dalali, si ya mteja. Mkulima wa tumbaku hapa ana nafuu, maana malipo yake yanapita benki na chama cha msingi cha ushirika kina kumbukumbu za mauzo. Anayekuambia "tuma tu hela, karatasi baadaye" ndiye wa kumwogopa.

Pesa yenyewe iende kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni, ile ya fedha za wateja, ambayo dalali anatakiwa kuitenga na hela za ofisi yake. Namba ya simu ya mtu binafsi, hata kama ni mpwa wako anayefanya kazi hapo, kataa. Sisi wa mikoani tunafanya mengi kwa simu na WhatsApp, na tundu la kuibiwa liko hapohapo.

Hisa zako hazikai kwenye kabati la dalali. Zinaandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya dhamana, yaani daftari kuu la kumbukumbu za hisa, kupitia akaunti yako humo, iitwayo akaunti ya CDS. Ukishanunua, dai hati ya muamala: idadi ya hisa, bei, kamisheni, makato mengine, tarehe. Malipo na hisa hukamilishwa ndani ya siku 3 za kazi, kwa hiyo wiki inayofuata omba taarifa ya akaunti ya CDS uilinganishe na hati hiyo. Zikipishana, mwandikie dalali barua au baruapepe, ubaki na nakala. Akikuzungusha, malalamiko hayo pamoja na nakala yapeleke CMSA.