Kabla hujasifia marejesho: kwa anayeanza mafunzo kwenye mikopo midogo

Wiki ya pili ya mafunzo yangu kwa vitendo nilikabidhiwa taarifa za wakopeshaji sita wa nchi tofauti, wote wanaohudumia watu wa kipato cha chini. Kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja kwa kila mmoja. Mkopeshaji mmoja alikuwa na marejesho ya asilimia 98, yaani karibu pesa zote zilizotakiwa kulipwa zililipwa, nami nikammwagia sifa. Msimamizi wangu alisoma ukurasa ule akiwa wima, akaizungushia ile 98 duara kwa penseli, na pembeni akaandika: "Kwa pesa za kutoka wapi?" Akanirudishia karatasi, akaenda zake kikaoni.

Kama wengi, nilikuwa nimeingia na hadithi ya Jobra kichwani. Mwaka 1976, katika kijiji hicho cha Bangladesh, mwalimu wa uchumi Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 jumla ya dola 27. Mwaka 1983 ikazaliwa Grameen Bank, benki yake ya kukopesha maskini, na 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Hadithi hiyo ni ya kweli, tena nzuri, ila inakuzoesha kuamini kwamba aliyelipa amenufaika. Mtu anaweza kulipa kwa kukopa kwingine, kwa kuuza kitendea kazi chake, kwa kupunguza mlo wa watoto, au wenzake wa kikundi cha kudhaminiana wakamlipia shingo upande ili wao wasinyimwe mkopo ujao. Kwenye vitabu vya mkopeshaji wote hao ni wateja wazuri.

Ndiyo maana nakushauri usome mapema yaliyotokea Andhra Pradesh, India, mwaka 2010. Wakopeshaji walikimbizana kukua, familia moja ikawa na mikopo ya wakopeshaji watatu au wanne, huu ukilipa ule. Agosti hisa za SKS Microfinance, mmoja wa wakopeshaji hao, ziliingia soko la hisa kwa kishindo. Oktoba, baada ya habari za wakopaji kujiua, serikali ya jimbo ikatoa amri kali dhidi ya wakopeshaji, na marejesho yakaporomoka.

Sasa hesabu, na hapa usione haya kutumia kalamu na karatasi. Kuna kipimo utakachokutana nacho kila siku: salio la mikopo yote iliyochelewa zaidi ya siku 30, likigawanywa kwa salio la mikopo yote. Chukua shirika lenye salio la 100, na 5 kati yake imechelewa. Hiyo ni asilimia 5. Shirika likitoa mikopo mipya ya 100, kipimo kinashuka hadi asilimia 2.5, na hakuna hata mdaiwa mmoja aliyelipa! Mkopo wa jana hauwezi kuwa umechelewa leo. Kwa hiyo ukiona kipimo kizuri, angalia kwanza shirika limekua kwa kasi gani, na mikopo mingapi imepangiwa upya tarehe za kulipa.

Riba nayo ilinitoa jasho. Mkopo wa 1,200 kwa miezi 12, riba ya asilimia 2 kwa mwezi, unasikika wa huruma. Riba ikikokotolewa kila mwezi kwenye 1,200 ile ile ya mwanzo, hata deni likiwa limepungua, mkopaji analipa riba ya 288. Ikikokotolewa kwenye salio linalobaki, huku mkopo wenyewe ukilipwa 100 kila mwezi, ni 156 tu. Ile ya kwanza, ambayo kwa haraka ungeiita asilimia 24 kwa mwaka, ukweli wake unakaribia asilimia 42, kwa kuwa mkopaji hakai na 1,200 yote mwaka mzima. Mkopaji akitakiwa pia kuacha akiba ya lazima asiyoweza kuigusa, inapanda zaidi. Fanya hesabu hii mwenyewe mara tatu, usiiachie kompyuta. (Mimi mara ya kwanza nilikosea.)

Usije ukaruka kutoka kusifu hadi kulaani, ukaona kila mkopo ni kausha damu. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Hazikuona kipato cha kawaida cha familia kikipaa, ila baadhi zilionyesha biashara zikipanuka na watu wakipata uhuru zaidi wa kupanga mambo yao. Ni faida ya wastani, na taarifa nyingi za wafadhili hazipendi neno hilo.

Ukipata nafasi ya kuongea na mkopaji, usimuulize kama mkopo umemsaidia. Atajibu ndiyo, maana umekuja na afisa mikopo wake. Muulize rejesho la mwisho alilitoa wapi, kisha nyamaza.

Muhtasari wangu niliuandika upya. Ile 98 ilibaki, chini yake nikaongeza mstari mmoja: chanzo cha pesa za marejesho hakijulikani, wateja hawajaulizwa. Msimamizi alisahihisha koma moja, akausaini.