Mbegu za samaki na mbegu za kiume: lipi ni lipi?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mfugaji mdogo wa samaki, niko Muheza mkoani Tanga. Juzi tulikuwa na mafunzo ya kufuga perege na kambale. Mkufunzi akatuambia, "Mbegu za samaki zikishaingia majini, haziishi zaidi ya dakika moja." Mama mkwe wangu, ambaye asubuhi ile ile alitoka kununua mbegu mia tatu za perege, aliinuka mbio kwenda kutazama mfuko wake. Mkufunzi alipotaka kufafanua, akatamka "manii". Wazee wote wakainamisha vichwa. Naomba unisaidie: neno sahihi ni lipi, na lipi linasemeka mbele ya wakwe? Halafu, mayai ya samaki hurutubishwa au hutungishwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama mkwe wako hakukosea hata kidogo. Kwa wafugaji wa samaki, mbegu ni vifaranga: vile visamaki vya ukubwa wa kidole vinavyosafirishwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji na hewa. Ukimwambia mtu aliyetoa fedha yake kwamba mbegu hufa kwa dakika moja majini, lazima ainuke. Mkufunzi alikusudia mbegu za kiume, na kwa kambale alisema kweli, ila kwa neno ambalo mabwawani tayari lina mwenyewe.

Neno hili lina kazi nyingi. Mkulima ana mbegu ya mahindi. Mfuga mbuzi ana dume la mbegu, yaani beberu aliyechaguliwa kwa ajili ya kupanda majike. Mfugaji wa perege huuziwa "mbegu dume", yaani vifaranga vya kiume vitupu, kwa sababu perege dume hukua upesi kuliko jike na bwawa halijai watoto. Sasa angalia: "mbegu dume" ni samaki mzima mwenye mapezi na macho, lakini "mbegu za kiume" ni vile vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyotoka kwa dume kwenda kukutana na yai. Tofauti ni kiunganishi na kiambishi tu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: samaki mdogo mwite kifaranga, na neno mbegu liandamane na "za kiume" kila unapozungumzia uzazi. Usiliache peke yake.

Niliwahi kusimama karibu na fundi wa kuzalisha vifaranga vya kambale, na mengi niliyoyaelewa kuhusu maneno haya niliyapata pale. Kambale dume hakamuliki kwa kumbinya tumbo kama anavyokamuliwa jike, kwa hiyo kwa kawaida huchinjwa. Yule fundi alimpasua, akatoa korodani mbili ndefu nyeupe zilizolala chini ya uti wa mgongo, akazifuta damu mpaka zikakauka. Mayai ya jike yalikuwa yamekwisha kukamuliwa kwenye bakuli kavu. Akazikata korodani kwa wembe, akazikamulia juu ya mayai kupitia kipande cha chandarua, na akamkataza kijana wake asisogeze hata mkono wenye maji. Ndani ya mwili wa dume mbegu zile zimetulia, hazichezi. Maji ya bwawa yana chumvi kidogo kuliko majimaji ya mwili wake, na yakizigusa tu huamka na kuanza kuogelea. Nguvu zake ni za muda mfupi mno. Kwa kambale ni kama dakika moja. Tone la maji likitangulia, mbegu huogelea na kuchoka kabla hazijachanganywa na mayai. Kwa samaki wengi wa baharini mambo ni kinyume: kinachoziamsha ni maji yenye chumvi kuliko miili yao.

Fundi yule hakusema manii wala shahawa. Alisema "maji ya dume", na kila aliyekuwapo alimwelewa. Mimi nalipenda sana neno lake. Lina adabu na lina ukweli ndani yake.

Manii si tusi. Kwetu Tanga wengi tulilisikia kwanza chuoni, yaani madrasa, katika somo la josho la kujitwaharisha, na ndiyo sababu wazee wako waliinama: kwao ni neno la mwili wa binadamu na twahara yake. Shahawa nalo lina asili ya Kiarabu, shahwa, yaani tamaa au matamanio, na halimwelekei samaki anayemwaga mbegu majini juu ya mayai. Maabarani yatumike yote mawili. Mbele ya wakwe, sema "maji ya dume" kwa ule ute mweupe na "mbegu za kiume" kwa vilivyomo ndani yake. Korodani linasemeka popote, pumbu liache.

Kuhusu swali lako la pili, vitabu vya shule vinatumia kurutubisha na kutungisha, na hakuna atakayekusahihisha kwa lolote kati ya hayo. Lakini wewe ni mfugaji, na bwawa lako hulirutubisha kwa samadi ili liote rangi ya kijani. Neno moja kwa samadi na kwa mayai litaleta fujo ile ile ya mbegu. Chagua kutungisha kwa mayai. Ila tahadhari: kutungisha kusikuvute useme kambale ana mimba. Yeye ana mayai, na kutunga hutokea nje ya mwili. Perege jike naye huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Hiyo pia si mimba. Mwenye mimba hasa ni silikanti, yule samaki wa kale ambaye kwa ajili yake ilitangazwa hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009. Mayai yake hutungwa ndani, na jike huzaa watoto walio hai.

Hukuuliza, lakini nimewasikia wafugaji wakimwita dume asiyetungisha "tasa", na wengine, Mungu awasamehe, "hanithi". Tasa tumezoea kulisema kwa jike. Hanithi ni tusi zito kwa binadamu na halihusu samaki asiyempanda jike hata kidogo. Sema tu: dume huyu hatungishi. Na ni "dume huyu", si "dume hili", kwa kuwa ana uhai.

Mkufunzi wenu angesema hivi: "Mbegu za kiume za kambale zikishaguswa na maji, hazichezi zaidi ya dakika moja hivi." Mama mkwe asingeinuka. Nisalimie, na umwambie vifaranga vyake akivifikisha bwawani, auache mfuko uelee juu ya maji kwanza mpaka joto la maji ya ndani na ya nje lilingane, ndipo afungue.